Amri ya Kiingereza si nyepesi kama tunavyoifundisha

Vitabu vingi nilivyofundishia vinaanza somo la amri kwa namna moja: chukua kitenzi cha Kiingereza, ondoa "to" mbele yake, basi, umeshaamrisha. "Come." "Sit." "Wait." Wanafunzi hulipenda somo hili kwa sababu linaisha upesi. Mimi nafundisha madarasa ya jioni ya wafanyakazi wa hoteli hapa Unguja, na nimeona wepesi huo ukiwaponza.

Dada mmoja wa mapokezi alikuja darasani akiwa mnyonge. Alikuwa amempokea mgeni, mama mtu mzima, akamwambia "Sit down. Wait here." Yule mama akakunja uso na hakumsemesha tena. Moyoni dada alikuwa anasema "Karibu ukae, subiri kidogo." Akaniuliza, "Mwalimu, nimemkosea nini?"

Kisarufi hakukosea kitu. Tatizo ni kwamba Kiswahili kinabeba adabu ndani ya kitenzi chenyewe. "Kaa" ni amri. "Naomba ukae" ni ombi, na kitenzi kimebadilika mwanzo na mwisho kulibeba ombi hilo. Kiingereza hakina mabadiliko hayo. "Sit" ni "sit" kwa mtoto na kwa mzee, kwa mtu mmoja na kwa hamsini. (Kijana mmoja aliwahi kuniandikia "Comeni here", nami nilielewa kabisa alichokuwa anakitafuta.) Adabu inabidi itafutwe nje ya kitenzi, na hapo ndipo vitabu vinapotuacha.

Tukumbuke pia tulizisikia wapi amri hizi mara ya kwanza. Wengi wetu ni darasani, kwa mwalimu aliyesimama mbele: "Stand up!" "Sit down!" "Keep quiet!" Hicho ni Kiingereza cha mkubwa kwa mtoto. Tunakua nacho, tunaingia nacho kazini, tunamwambia nacho mgeni.

Dawa inayotolewa kila mara ni "please". Inasaidia, lakini haitoshi. Mimi nawataka wanafunzi wajiulize kwanza: faida ni ya nani? Kama ni ya yule unayemwambia, Kiingereza kinakubali amri tupu, na inasikika kama ukarimu: "Have a seat." "Have some more tea." "Help yourself." Hakuna anayechukia kuhimizwa ale. Lakini kama faida ni yako, au unamsumbua mwenzako, geuza amri iwe swali: "Could you sign here, please?"

Hapo darasa zima hunibishia, maana wamefundishwa kwamba "could" ni wakati uliopita. "Kwani aliweza lini, Mwalimu?" Nawaambia wafikirie hodi. Ukifika kwa watu huingii moja kwa moja. Unasimama mbali kidogo na mlango ili mwenye nyumba apate nafasi ya kukukaribisha. "Could" inafanya kazi hiyo.

Kwenye kukataza kuna kosa jingine, nalo nalikuta hata kwa waliomaliza chuo: "Don't late." Kwetu kuchelewa ni kitenzi, kama kuogopa na kukasirika, kwa hiyo "usi-" inatosha. Lakini "late", "afraid" na "angry" si vitenzi, na haviwezi kusimama bila "be": "Don't be late." "Don't be afraid." "Don't be angry." Ningekuwa na saa moja tu ya kufundisha kukataza, ningeimaliza yote hapo.

Yule dada sasa anasema "Please have a seat. Take your time." Siku aliyoleta habari hiyo, mwenzake wa nyuma akauliza hiyo "take your time" kwetu tunasemaje. Wakajibu wengi kwa pamoja: "Wala usiwe na haraka."