Kijana, rika lake na haki ya kuwa tofauti

Wazee wanaowaambia vijana wasifuate mkumbo ndio hao hao waliowalea kwa methali isemayo ukenda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Mtoto wa miaka 10 akiwaiga wenzake kusalimia, kupanga foleni na kunyamaza wakubwa wanapozungumza, anasifiwa kuwa ana adabu. Akifika miaka 14, akawaiga wenzake kunyoa, kuvaa na kusema, anaambiwa hana msimamo. Kipaji cha kuiga hakijabadilika. Kilichobadilika ni kinachoigwa, na pengine hilo ndilo linalowauma wazazi kuliko wanavyokiri.

Hata hivyo hofu yao ina msingi. Mwaka 2005 watafiti Margo Gardner na Laurence Steinberg walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha watu 306 wa makundi matatu: wa miaka 13 hadi 16, wa miaka 18 hadi 22, na wa miaka 24 kwenda juu. Katika mojawapo ya kazi walizopewa, waliendesha gari kwenye kompyuta. Ukizidi kwenda unapata pointi zaidi, ukichelewa kusimama unagonga. Baadhi walicheza peke yao, wengine wakiwa na wenzao wawili wa rika lao. Watu wazima hawakubadilika sana kwa kutazamwa. Vijana wadogo walibadilika: mbele ya wenzao walithubutu mambo ya hatari zaidi kuliko walipokuwa peke yao.

Miaka sita baadaye, jaribio jingine la aina hiyo lilifanywa huku ubongo ukipigwa picha. Vijana walipojulishwa kwamba rafiki zao wanawatazama kutoka chumba cha pili, sehemu za ubongo zinazochangamka mtu anapotazamia kupata kitu kitamu zilichangamka zaidi. Kwa watu wazima hali hiyo haikuonekana. Matokeo haya yanatikisa namna tunavyowahutubia vijana. Sisi hudhani kijana aliyepotoka hakujua hatari, kwa hiyo tunamweleza hatari, na tukimaliza tunaieleza tena kwa sauti kubwa zaidi. Kijana huyo huyo, ukimuuliza akiwa ametulia peke yake, atakutajia hatari zote bila kukosea. Anachokosa si taarifa. Macho ya wenzake yanaipa hatari ile utamu ambao haukuwamo.

Upande wa pili nao una watetezi wake, na mimi naegemea huko, ingawa si moja kwa moja. Mwanasaikolojia Erik Erikson aliuona ujana kuwa kipindi cha kutafuta jibu la swali "mimi ni nani", na kwa maoni yake kujaribu majukumu na sura mbalimbali ni sehemu ya kulitafuta. Mwaka 1966 James Marcia aliendeleza wazo hilo kwa kueleza hali nne ambazo kijana anaweza kuwamo. Moja kati ya hizo inastahili kusomwa polepole na kila mzazi. Ni ya kijana ambaye ameshafanya uamuzi kuhusu kazi, imani na maisha yake, lakini hakuwahi kuujaribu wala kuutilia shaka. Aliupokea nyumbani ukiwa umeiva. Kijana huyu hasumbui mtu. Hafuati mkumbo wa rika, anafuata mkumbo wa ukoo, na sisi tunauita msimamo. Mara nyingi mzazi anayemwambia mwanawe "kuwa wewe mwenyewe" ana maana ya "kuwa mimi".

Kwa hiyo vita kati ya rika na nafsi si vikali kama inavyosemwa. Kijana anayeacha namna ya nyumbani kwa kawaida huhitaji mahali pa kutua, na mahali hapo ni kwa wenzake. Hata waasi huvaa sare: watazame wanaojitangaza kuwa hawamwigi mtu, utakuta viatu vyao vinafanana. Sisemi hivyo kwa kejeli. Kufanana na watu watano uliowachagua mwenyewe ni hatua ya kwanza ya kutofanana na watu uliozaliwa kati yao.

Ugumu mwingine ni kwamba shinikizo mara nyingi halina mshinikizaji. Tunapenda kumfikiria rafiki mwovu anayeshawishi gizani. Lakini mwaka 1986 watafiti Perkins na Berkowitz walionyesha kwamba wanafunzi wa chuo walidhani wenzao wanaupenda ulevi kuliko ilivyokuwa kweli. Hapo kila mmoja anaweza kulegeza msimamo wake ili alingane na wengine, kumbe nao wanafanya vivyo hivyo. Simu zimeongeza makali ya jambo hili. Katika utafiti wa mwaka 2016, vijana walionyeshwa picha kwenye ukurasa uliofanana na mtandao wa kijamii, na idadi ya waliozipenda ilikuwa imepangwa na watafiti. Picha iliyoonekana kupendwa na wengi nao waliipenda zaidi, hata zile zilizoonyesha mambo ya hatari. Hakuna aliyewashawishi kwa neno. Namba ilitosha.

Basi kijana asimame vipi? Wengi hujibu: afundishwe kusema hapana. Jibu hilo linamtaka mtoto wa miaka 14 awe na ujasiri ambao watu wazima wengi hawana. Katika majaribio ya mwanasaikolojia Solomon Asch ya miaka ya 1950, wanafunzi wa chuo waliulizwa mstari upi unalingana na mwingine kwa urefu, swali ambalo halina utata. Wenzao waliopangwa kudanganya walipotoa jibu moja la uongo, takriban theluthi moja ya majibu ya waliopimwa iliangukia upande wa uongo. Kilichovunja nguvu ya kundi hakikuwa mahubiri. Mtu mmoja tu katika kundi alipotoa jibu la kweli, kufuata wengi kulishuka sana.

Hapo ndipo ningeweka juhudi: kijana apate mwenzake mmoja, na ikiwezekana kundi la pili. Aliye na wenzake wa darasani tu hulipa gharama kubwa akiwakatalia, kwa kuwa akifukuzwa hana pa kwenda. Aliye pia na wenzake wa mpira, wa kwaya au wa ibada anaweza kukasirikiwa upande mmoja na bado akala chakula na watu.

Lakini mwenzake mmoja si dawa ya uhakika. Mwaka 1999 mtafiti Dishion na wenzake walieleza jinsi programu zilizowakusanya pamoja vijana wenye matatizo ya tabia zilivyoweza kuwazidishia tabia hizo. Kijana anasimulia utundu wake, wenzake wanacheka, na kicheko kinakuwa zawadi. Wawili wanaoungana wanaweza kusimama imara juu ya upuuzi.

Umri nao husaidia, ingawa kwa mwendo wake. Utafiti wa Steinberg na Monahan wa mwaka 2007 ulionyesha uwezo wa kukataa ushawishi wa rika ukikua hasa kati ya miaka 14 na 18. Kabla ya hapo haukui sana, na ndicho kipindi ambacho simu ya kwanza hupewa wengi.

Mzazi, akiingiwa na hofu, kwa kawaida hufunga mlango: hakuna kutoka, hakuna rafiki. Penye dawa za kulevya au ukatili sina ubishi naye. Ila kwa mambo ya nywele, nguo, muziki na lugha ya vijiweni, adhabu hiyo humtenga mtoto na wote kwa pamoja, akiwamo yule ambaye siku ya siku angekuwa wa kwanza kumwambia, "Mimi siendi, twende nyumbani."