Khukuri la Babu limeonja damu, na ni yangu

Haya, najua binamu yangu kashapost nilivyokatwa na jisu la Babu mbele ya wakwe na mmecheka wee, ila hiyo ya kwamba nilipandisha jini la Kijapani nikaanza kuongea Kijapani ni UONGO. Nilisema "uwii mama" nikaanguka, basi.

Babu alikuwa keya, yani askari wa Mwingereza, alipelekwa Burma kupigana na Wajapani vita ya Hitla, wale wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki waliokatiza Bonde la Kabaw 1944 na mvua na malaria juu. Akarudi Songea na khukuri, lile jisu lililopinda la Wagurkha wa Nepal, eti alibadilishana na mmoja kwa sigara. Linaning'inia juu ya mlango wa sebule ya Bibi toka baba yangu hajazaliwa na sheria ni moja: likichomolewa halirudi mpaka lionje damu. Mjomba alilichomoa likamkata, akaja mpangaji likamkata, basi siku hizi hata fundi rangi anapaka kulizunguka.

Sasa Jumamosi wamekuja wakwe watarajiwa. Baba mkwe kauliza tu, hiki nini? Bibi hajafungua mdomo mimi msomi wa YouTube nishapanda kwenye stuli. Nikawaambia hiyo ya damu porojo, Wagurkha wenyewe wanakatia kuni, ingekuwa kweli wangebaki na vidole? Baba mkwe akatikisa kichwa, kakubali. Nikachomoa. Kimya, hakuna kitu. Nikawaonyesha na kale kapengo karibu na mpini, na visu viwili vidogo vya nyuma ya ala, kimoja butu cha kunolea, yani lekcha kabisa, mchumba ananiangalia kwa fahari (mkumbuke hapo, ndo mara ya mwisho).

Bibi akasema, "Mjukuu wangu, ngoja nilete hata kifaranga."

Nikacheka. Nikaishika ala kiganja kizima, vidole vimezunguka upande wa makali, nikaanza kurudisha huku macho yako kwa baba mkwe kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Likaingia nusu. Nikasikia uzi wa ala unafanya trrr. Halafu kaubaridi kwenye kidole cha kati. Sikuangalia, nilijiambia nisipoangalia haijatokea. Aliyeangalia ni mama mkwe, kwa upole kabisa: "Baba, unavuja."

Nikashusha macho. Tone MOJA, limening'inia, linafikiria, likaachia, likatua katikati ya kitambaa cheupe alichofuma Bibi. Nyie, mimi na damu hatupatani toka darasa la tatu. Miguu ikaniaga. Nikashuka na stuli, nikashika cha kushika, kumbe ni hotpoti la pilau, tukatua wote mapajani kwa baba mkwe.

Bibi wala hakuniangalia mimi. Kaliokota jisu, kashika ala kwa mgongoni, kalisukuma likaingia kama siagi. "Haya, limeshiba."

Usiku nimegoogle kwa kidole kimoja, kumbe ala zile zikizeeka upande wa makali unaachia, laana yote ndo hiyo, ila nani wa kumwambia Bibi? Zahanati nilichomwa ya pepopunda, nesi kauliza umekatwa na nini, baba mkwe na wali wake kwenye shati akajibu, "Vita ya Hitla." Wakanibandika plasta. Sio nyuzi, plasta.

Posa haijakataliwa. Ila kikao kijacho wameomba kifanyike hotelini.