Kiwanja tambarare, bei poa, halafu choo kinarudisha

Juzi baada ya ile mvua ya usiku jirani yangu kagonga geti saa kumi na mbili asubuhi, kanga kiunoni, ndoo mkononi. "Shoga samahani, watoto wanaomba choo." Choo chake kimejaa tena, na gari la maji taka lilikuja Jumatatu! Nikafungua huku nacheka, sio kwa ubaya, msimu wa juzi aliyekuwa anagonga mageti ya watu ni mimi.

Wote tulinunua kiangazi. Dodoma ya Septemba kila kiwanja kizuri, pakavu, dalali anatembea na kiatu cheupe, anakwambia "mama, tambarare hii, hulipii hata greda". Tukaangalia hati, tukaangalia nguzo ya umeme iko wapi, tukauliza barabara. Udongo nani auangalie? Mweusi ule, umepasuka nyufa unaingiza mguu mpaka kifundo, mimi nikadhani ni kiu tu ya ardhi.

Sasa septiki. Fundi kachimba lile shimo la pili la kunywesha maji, akamwaga ndoo mbili kunionyesha, zikaisha kabla hajamaliza sigara yake. "Mama hapa pananyonya safi." Ndugu zangu, hapakuwa pananyonya, maji yalikuwa yanakimbilia kwenye nyufa! Mbuga, yaani udongo huu mweusi wa mfinyanzi, ikilowa inavimba, nyufa zinafunga, na zikishafunga hilo shimo lako ni sufuria. Januari likajaa. Nikaita gari, likanyonya, nikalipa, kesho yake asubuhi nafunua mfuniko limejaa vilevile na sisi nyumbani tuko wanne tu, tena mmoja yuko bweni. Ndio nikaelewa kwamba maji ya mvua yaliyotuama ardhini yalikuwa yanaingia kwangu, yaani nalipa gari linyonye mbuga nzima ya mtaa! Ukifika hapo unavuta maji chooni unasikia glu glu glu, halafu yanapanda badala ya kushuka, na wageni wako sebuleni.

Kwa hiyo ukitaka kupima, lowesha kwanza. Jaza shimo maji usiku kucha, udongo uvimbe mpaka uchoke, ndio asubuhi ujaze tena uangalie kwa saa yanashuka kiasi gani. Kama mpaka mchana yapo, hapo hata uchimbe futi ishirini unajisumbua. Mimi ilibidi tenki lizibwe plasta ndani chini na pembeni lisipitishe, na maji yanayotoka yaende kwenye mitaro mirefu yenye kina kifupi, juu ya tuta la mchanga na kokoto tulilolibeba kwa fuso. Hela iliyokwenda pale sitaki kuitaja mume wangu anasoma hapa.

Msingi nao ni hadithi hiyohiyo, udongo unapanda masika unashuka kiangazi na nyumba inafuatana nao. Kona ya dirisha la jikoni kuna ufa Agosti unaingiza kadi ya benki, Machi unajibana, na kila mwaka fundi anaupaka plasta kama anampaka mtoto poda. Toa ule weusi wote, shindilia moramu, ule udongo wa changarawe, kidogo kidogo, weka nondo za maana. Basi.

Na msidhani waliojenga kule kwenye mawe upande wa milimani wamepona. Choo chao kinakunywa vizuri, ila kuchimba futi nne unakutana na jabali, wiki nzima nyundo.

Haya, bustani nakubali. Mchicha wangu na chainizi zinanawiri, mwagilia leo kesho kutwa bado kuna unyevu, wenye udongo wa kichanga wanalia. Ila papai zote tatu zilioza mizizi, na zabibu nawaachia watu wa Hombolo.

Kuna mzee wa Kigogo hupita na mbuzi wake, nilimwamkia mbukwa, akasimama akaangalia ukuta wangu muda mrefu akasema "mwanangu, hapa tulikuwa tunalima mtama". Hilo tu, akaenda zake. Mwingereza na matrekta yake yote alikuja Kongwa 1947 kulima karanga, udongo ukamkaukia kama tofali karanga zikashindwa kung'oka, kufika 1951 kashafunga virago. Mimi na diploma yangu ni nani?

Jana dalali yuleyule kanitumia picha, kiwanja kingine, "tambarare mama, bei ya kutupa". Nikamwambia sawa twende tukakione, ila twende Februari, mvua ikiwa imenyesha siku tatu. Tiki mbili za bluu mpaka sasa hivi.