Njia ya mlimani imekuwa siri ya nani?
Jamani hivi kupanda mlima tu hapa Morogoro kwa nini iwe kama kusaka hazina? Uluguru hiyo hapo, ukiwa stendi Msamvu unaiona, ile minara ya kilele cha Bondwa inaonekana kabisa, lakini uliza njia sasa! Huyu anakwambia "nyoosha tu", yule "ukifika kwenye mwembe kata kushoto", na miembe iko mia! Ramani ya kwenye simu inakupeleka kwenye kamstari kanakoishia katikati ya migomba ya watu, mama kashika jembe anakutazama, unabaki "shikamoo mama, njia ya Morningside, ile nyumba ya zamani ya huko mlimani, iko wapi?" Kibao kimoja nilikikuta, rangi imebanduka, mshale unaelekeza mtaroni! Kwani tunaomba lami? Mshale tu na kilomita! Nyie mliofika juu mlipitia wapi?