Saruji ya mfupa si gundi

Shangazi yangu amewekewa nyonga ya bandia, iliyoshikizwa mfupani kwa saruji. Nyumba yake ya mawe, hapa Mji wa Kale wa Lamu, ina ngazi nyembamba yenye vipandio virefu. "Miguu yanibeba, mwanangu," aliniambia, "ila ngazi hii ndiyo yanitisha." Tangu siku hiyo nafuatilia jinsi wahandisi wanavyopima kwa kompyuta pale saruji inapokutana na mfupa, na nina neno.

Wengi hudhani saruji ile hunata. Hainati. Ni plastiki ya akriliki, ile ambayo daktari John Charnley wa Uingereza aliieneza katika upasuaji wa nyonga. Ikiwa bado laini husukumwa ndani ya vitundu vya mfupa wa sponji, ikagandia humo. Mwashi wa Lamu analijua hili. Nimemtazama fundi akisugua tumbawe kwa brashi hadi vumbi liishe, akalirowesha, ndipo akalipiga chokaa. Jiwe likibaki na vumbi, chokaa hubanduka bamba zima. Daktari naye huosha mfupa kwa maji ya kasi, atoe damu na mafuta, kabla ya kutia saruji.

Kwenye kompyuta, mfupa, saruji na chuma hugawanywa vipande vidogo vidogo, kila kipande na ugumu wake, unaopimwa kwa gigapaskali: mfupa wa nje yapata 17, saruji 2 hadi 3, na chuma chenyewe, mchanganyiko wa kobalti na kromu, zaidi ya 200. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu uko mpakani. Modeli hiyo ya kompyuta ikichukulia kwamba saruji na mfupa vimeshikana kabisa, hesabu huwa nyepesi lakini inadanganya. Mpaka ule hustahimili kubanwa. Ukivutwa au ukiburutwa, hufunguka kidogo kidogo. Mimi naamini modeli zilizojengwa kwa picha za maikro-CT, yaani eksirei za pande zote za vitu vidogo mno, zinazoonyesha tundu lililojaa na lililobaki tupu, na zinazoruhusu msuguano na ufa.

Halafu kuna mzigo. Kutembea tambarare tu huibebesha nyonga zaidi ya mara mbili ya uzito wa mwili. Kupanda ngazi huongeza msokoto, unaotaka kuzungusha shina la chuma, ile sehemu ya nyonga ya bandia inayoingia mfupa wa paja, ndani ya saruji. Modeli iliyojaribiwa kwa hatua za tambarare peke yake haimjui shangazi, ambaye chumba chake kiko juu na aliyezoea kukaa mkekani tangu utotoni.

Wanafunzi wetu wa uhandisi waianze kazi hii kutoka huku. Vipandio vya ngazi yake nimeshavipima vyote, kimoja kimoja, kwa tepu ya fundi. Atakayevihitaji nitampa.