Boti Yangu Ina Miaka 106

Kuna watu wazima, wenye akili zao na mishahara yao, walikaa kiwandani wakaulizana: tutengeneze kalamu gani? Wakajibizana: tutengeneze ambayo mtu akishaandika haifutiki. Wakapeana mikono. Mie nauliza tu, kwa kheri, walikuwa na ugomvi na nani?

Ile Sharpie ya Wamarekani ilitoka mwaka 1964. Sisi Unguja mwaka huo tulikuwa na mapinduzi, hakuna aliyekuwa na habari na kalamu ya mtu. Kumbe wenzetu huko wanapika balaa, limekwenda likizunguka dunia nzima hadi likanifikia mie Mtoni. Tena makapeni iliyonifikia mie si Sharpie. Ni ya bei poa, haina hata jina, na nathubutu kusema ndiyo inayong'ang'ania zaidi.

Mtoto wa dada yangu yuko darasa la tatu. Skuli yao iliwapeleka kisiwa cha Changuu kutembea. Nauli nilitoa mie mwenye boti, na boti waliyokodi ni ya mtu mwengine. Hilo nimelisamehe. Sasa Changuu mnakujua: wale kobe wakubwa asili yao Aldabra, Shelisheli, waliletwa mwaka 1919 kuwa zawadi, na migongoni wameandikwa umri wao kwa rangi. Wageni wanawapenda kwa hilo. Humtafuta aliyeandikwa namba kubwa kuliko wote, wakachutama kupiga naye picha, na yeye kobe hana habari, anatafuna majani yake. Basi mtoto karudi nyumbani na elimu moja tu kichwani: kitu huandikwa umri wake mgongoni.

Na siku hiyohiyo mgeni mmoja kampa zawadi ya makapeni nyeusi. Wageni hawa, wakiambiwa watoto wasipewe pesa husema sawa, tumeelewa. Kisha wanawapa silaha.

Tangi la maji kaliandika 12. Mbuzi wa jirani kamuandika 9, na jirani hakunisemesha mpaka Ijumaa. Mlango wa chumba cha bibi yake kauandika 60. Bibi mtu kutoka nje akausoma, akausoma tena, akasema mlango usiguswe na mtu. Miaka 60 yeye kaipita siku nyingi. Mtoto akapewa kashata.

Kwenye boti yangu, ubavu wa kushoto, kaandika UMRI 106, kila tarakimu ukubwa wa sinia la pilau. Boti ya faiba, nyeupe, haijafika hata miaka kumi. Namuuliza 106 umeipata wapi, ananiambia, "Mjomba, nimekisia."

Nahodha wangu akanambia niache, wageni Kiswahili hawakijui, watadhani ndilo jina la boti. Maneno ya mtu asiyefikiri safari ya kurudi! Kwenda Changuu kweli hawana neno, wanapanda wanacheka. Wakifika kule wanasomeshwa vizuri kabisa kwamba namba iliyoandikwa juu ya gamba ni umri. Wanashuka pwani kuja kupanda boti, macho yao yanakutana na 106, pale pale unawaona wanahesabiana majaketi ya kuokolea. Bibi mmoja alimuuliza nahodha kama kuna usafiri mwengine. Kisiwani!

Basi nikalipeleka suala baraza la kahawa. Hapo ndipo nilipojua kuwa Zanzibar nzima ni mafundi wa madoa. Kila mtu ana dawa yake. Hakuna hata mmoja mwenye kitambaa.

Mzee wa kwanza akasema ndimu na chumvi. Wa pili akamkatiza, jivu na dodoki. Kijana mmoja, huyu ni wa simu, akasema dawa ya meno, kaona video. Na kweli dawa ya meno si mchezo, ndani yake mna chembe zinazokwangua kidogokidogo. Lakini kwa tarakimu zile ningenunua duka zima la dawa ya meno, na boti ingeondoka na harufu ya mnanaa mpaka Changuu. Mwengine akaleta maji ya kung'arishia nguo. Tukapaka, tukangoja. Wino umekaa kimya unatutazama. Akasema basi tia na siki ndani yake ipate nguvu. Bahati binti wa duka la dawa alikuwa anapita, akapiga kelele mpaka vikombe vikatikisika: ukichanganya vile viwili inatoka gesi ya klorini, mnataka kufa hapa barazani?

Sasa huyo jirani, mwenye mbuzi mwenye miaka tisa. Kaja asubuhi kabla yangu, eti kunifanyia hisani, na kopo la tina, ile ya kuyeyushia rangi. Boti yangu, niwaambie, inaitwa Tutafika Salama. Jina limeandikwa kwa rangi ya mafuta, zuri, na namba ya usajili chini yake. Tina haichagui. Nafika pwani namkuta anasugua kwa moyo mmoja. Namba ya usajili imekwenda. Salama imekwenda. Imebaki "Tutafika", na chini yake UMRI 106. Hiyo ndiyo boti niliyokuwa nayo siku ile, na wageni walikuwa njiani.

Nikamfuata binti wa duka la dawa. Akanambia, "Ami, wino wa makapeni ni rangi na gundi vilivyoyeyushwa katika spiriti. Spiriti ikikauka, gundi inashika. Ukitaka iachie, irudishie spiriti yake." Hayo maneno machache yamepita akili ya baraza zima! Akanipa spiriti ya hospitali na masharti: jaribu kwanza pahala pasipoonekana, loweka kitambaa, kiweke juu ya wino kidogo inywe, kisha futa kuelekea ndani, na kila mara geuza upande safi, la sivyo unautembeza wino boti nzima. Usifanye juani, spiriti itapaa kabla haijafanya kazi. Na moto uwe mbali, sigara vilevile. Asitoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, akasema niiache iwe ya mwisho kabisa, inaweza kuua mng'aro wa faiba.

Usifanye juani. Unguja. Pwani. Boti inakaa mchangani maji yakipwa tu, na wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka hata mita 4. Basi nikawa mtu wa kusugua kwa ratiba ya mwezi, nimefunga kanga ya mke wangu kwenye mlingoti wa mwenzangu nipate kivuli. Wapita njia wananipa salamu na pole, wengine wananiuliza msiba wa nani.

Lakini spiriti ikafanya kazi, wallahi. Weusi ukaanza kushuka. Pale palipogoma binti akanipa hila nyengine: andika juu yake upya kwa makapeni ile ile, futa papo hapo, wino mbichi unauyeyusha mkavu. Ilibidi niende kumuomba mtoto kalamu. Nyumba nzima, mtu aliyefurahi kuliko wote alikuwa yeye. "Mjomba, nikusaidie kuandika?"

Weusi ukenda, kikabaki kivuli. Rangi ya zambarau hafifu, lakini 106 unaisoma bila miwani. Hapo spiriti imefika mwisho wake, ikabidi nimtafute fundi wa boti. Fundi akapitisha kiganja ubavuni, akanionesha: kimetoka cheupe, unga mtupu. Akasema ngozi ya juu ya faiba, jelikoti, jua limeila. Ingekuwa mpya na imepakwa nta, wino ungekaa juu juu. Hii imefanya vitundu, wino umeingia ndani. Nikamwambia basi tupige msasa. Akanitazama kama nimemtukania mama. Jelikoti yenyewe unene wake kama nusu milimita, akasema, ukiimaliza kwa msasa faiba inakunywa maji. Dawa yake ni kompaundi laini, ile ya kung'arishia, taratibu, kisha nta juu.

Tukakubaliana bei. Fundi akamwachia kazi mwanafunzi wake, kijana mtiifu sana, akamwambia, "Sugua palipoandikwa."

Kijana akasugua palipoandikwa. Kafuata moja, kafuata sifuri, kazunguka na sita yote, hakutoka nje ya mstari hata kidogo. Kivuli kimekwisha kabisa, hilo nashuhudia. Sasa boti nzima ni nyeupe iliyofubaa, na katikati yake 106 inang'aa mpaka unajiona uso. Asubuhi jua likipiga inasomeka kutoka Forodhani.

Fundi kaja, katazama, kasema kazi ni safi, sasa lililobaki ni kung'arisha boti yote ilingane. Bei nyengine. Nusu kwanza. Namwambia huyu ni mwanafunzi wako, ananiambia na yule ni mtoto wa dada yako. Tumeachana hapo, maji yalikuwa yanajaa na kuna wageni wa saa tatu. Nahodha nimemwambia, wakiuliza hiyo namba, awaambie ni bei kwa dola, kisha awapunguzie.