Mashine Kuukuu za Kufulia za Mlango wa Mbele: Nawatetea Wanaozikumbuka

Wapo watu Ulaya na Marekani ambao wakikutana huzungumzia mashine za kufulia za mlango wa mbele za miaka ya 1950 hadi 1980 kama wengine wanavyozungumzia magari ya zamani. Hukumbuka rangi ya enameli, mlio wa taima (kifaa kinachopanga hatua za kufua) ikihama kutoka hatua moja kwenda nyingine, idadi ya suuza, na jinsi maji yalivyopanda taratibu nyuma ya kioo huku nguo zikiinuka na kuanguka. Wengi wao walianza kuzipenda wakiwa watoto, wakikaa sakafuni mbele ya mlango hadi mfuo, yaani duru nzima ya kufua, uishe. Watu wasiowaelewa husema kwamba wanaulilia utoto wao tu. Mimi kazi yangu ni kutengeneza mashine za mtumba zinazoshushwa hapa Dar es Salaam kutoka Ulaya, na naamini kwamba watu hawa wanatunza ujuzi ambao ulimwengu wa mafundi unauhitaji sana.

Historia yenyewe inaonyesha ugumu uliokuwepo. Mashine iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1937 kwa jina la Bendix ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya nyumbani kujaza maji, kufua, kusuuza na kukamua bila mtu kuigusa. Ilikuwa na mlango wa kioo mbele, na pipa lake halikuning'inizwa kwenye springi, kwa hiyo ililazimu kufungwa sakafuni kwa bolti. Sababu yake ni rahisi: nguo mbichi zikirundikana upande mmoja wakati wa kukamua, zinalivuta pipa kwa nguvu inayoongezeka kwa mraba wa kasi, yaani kasi ikiwa maradufu nguvu inakuwa mara nne. Ujerumani nayo ilipopata mashine yake ya kwanza ya aina hiyo, Constructa ya mwaka 1951, mnunuzi alilipa zaidi ya marka 2,000 na bado alihitaji sakafu imara ya kuifunga. Baadaye wahandisi walilitundika pipa lote kwenye springi, wakalifunga vizito vya zege au chuma cha kalibu ili uzito huo uutulize mtikisiko, na wakaongeza shokapu chini yake. Ukiifungua mashine yoyote ya mlango wa mbele leo utakuta mpango huohuo, ingawa vizito vyenyewe vimebadilika umbo.

Katika zile za Marekani, inayonivutia kuliko zote ni Laundromat ya Westinghouse. Baadhi ya matoleo yake ya miaka ya 1950 yalikuwa na mizani ndani ya mlango wenyewe: mlango ulifunguka kwenda chini, nguo ziliwekwa juu yake, kipimo kikaonyesha uzito, kisha mtumiaji akachagua kiasi cha maji kulingana na mzigo. Mashine za siku hizi hupima mzigo zenyewe kwa siri na kuamua zenyewe, nazo hupima vizuri. Hata hivyo naliheshimu zaidi wazo la mlango ule, kwa sababu lilimfanya anayefua ajue anachokifanya na kwa nini anakifanya. Mtu aliyekulia nyumba yenye mashine ile alijifunza kukadiria uzito wa shuka na wa suruali kabla hajajua kusoma kitabu cha maelekezo.

Kumbukumbu za wapenzi hawa zina faida kubwa zaidi zinapofika kwenye taima, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu kitu hiki kinastahili kuelezwa polepole. Nyuma ya kile kirungu cha kuchagulia mfuo palikuwa na mota ndogo sana iliyozungusha, kwa mwendo wa kobe, mhimili wenye magurudumu membamba ya plastiki yaliyochongwa mabonde na vilima. Juu ya kila gurudumu kililala kijibati cha shaba. Kilima kikifika kilikiinua na kugusanisha umeme, bonde likifika kilishuka na kuukata. Gurudumu moja lilifungua maji, la pili liliwasha hita, jingine liligeuza mwelekeo wa mota, na jingine likawasha pampu ya kutolea maji. Mfuo wote ulikuwa umechongwa pale, unaonekana kwa macho na unagusika kwa kidole. Ndiyo maana mtu aliyeishi na mashine hiyo miaka mingi anaweza kukueleza kwamba baada ya mlio wa tatu maji yalitoka, na kwamba siku maji yasipotoka kosa lilikuwa kwenye pampu au kwenye kijibati chake. Sikio lake lilikuwa limejifunza mpangilio wa mashine bila mwalimu. Hata maji yalipimwa kwa njia inayoelezeka: yalipopanda yalibana hewa ndani ya mpira mwembamba, hewa ikasukuma kiwambo, kiwambo kikabonyeza swichi.

Miele ilipoleta mashine zinazoendeshwa kwa kompyuta ndogo mwaka 1978, ufahamu wa namna hiyo ulianza kuhamia mahali pasipoonekana. Sipingi elektroniki, kwani zimeleta udhibiti bora wa joto, na mashine siku hizi hutambua pipa lisilo na uwiano kabla ya kukamua kwa kasi na kuzipanga nguo upya. Ninachopinga ni bodi ya elektroniki iliyomwagiwa utomvu mgumu juu ya vipuri vyake, ambayo fundi hawezi kuifikia kwa njia yoyote isipokuwa kuitupa na kununua nyingine kwa bei inayokaribia ya mashine nzima ya mtumba.

Kuna hoja mbili dhidi ya wapenzi hawa ambazo nazikubali. Ya kwanza ni kwamba mashine za miaka ya 1970 zilitumia zaidi ya lita 100 za maji kwa mfuo mmoja, na za sasa hutumia nusu ya hizo au pungufu. Katika mji wenye mgawo wa maji tofauti hiyo si ndogo, na nisingemshauri mtu yeyote wa Tabata au Mbagala aitafute mashine ya zamani kwa matumizi ya kila siku. Hoja ya pili ni kwamba tunaona zile zilizosalimika tu, na zilizokufa mapema zilikwisha yeyushwa zamani, hivyo sifa ya kudumu huenda imekuzwa. Ni kweli. Lakini zilizosalimika hazikusalimika kwa bahati pekee. Zilisalimika kwa sababu zilipoharibika paliwezekana kufanywa kitu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni beringi. Pipa la ndani, lenye nguo, linazunguka juu ya beringi mbili, na mbele yake kuna sili ya mpira inayozuia maji. Sili ikichoka, maji hupenya, grisi huoshwa, kutu huingia, na mashine huanza kunguruma wakati wa kukamua hadi majirani wajue kwamba leo ni siku ya kufua. Katika mashine za zamani pipa la nje, linaloshika maji, lilifungwa kwa bolti au kwa mkanda wa chuma. Unalifungua, unazigonga beringi zitoke, unafuta ubavu wa mojawapo kwa kitambaa, na hapo unasoma namba, kwa mfano 6205. Namba hiyo ni ya dunia nzima: kipenyo cha ndani milimita 25, cha nje 52, unene 15. Unaenda nayo duka lolote la beringi Kariakoo, hata kama muuzaji hajawahi kuona mashine ya kufulia, naye anakupa. Katika mashine nyingi mpya pipa la nje ni nusu mbili za plastiki zilizoyeyushwa pamoja kiwandani. Beringi zilizomo ndani ni zilezile, zenye namba zilezile, lakini huzifikii isipokuwa ukilikata pipa kwa msumeno, kisha ulifunge upya kwa skrubu na silikoni. Nimeifanya kazi hiyo na inawezekana, ila ni kazi ya kubomoa kitu ambacho kingeweza kuundwa ili kifunguke.

Umoja wa Ulaya umejaribu kulishughulikia jambo hili. Kanuni zake zilizoanza kutumika Machi 2021 zinawataka watengenezaji wawe na vipuri vya mashine za kufulia kwa angalau miaka 10 baada ya toleo kuacha kuuzwa, na wavifikishe ndani ya siku 15 za kazi. Ni hatua nzuri, na mashine hizo zitakapofika kwetu kama mtumba baadhi yetu tutanufaika. Lakini kanuni hizo zinaruhusu pipa, mhimili wake na beringi kuuzwa pamoja kama kifurushi, kwa hiyo kampuni inayouza pipa zima kwa sababu ya beringi mbili haijavunja sheria. Hapo ndipo ningetaka wapenzi wa mashine kuukuu wasikilizwe na watunga sheria, kwa maana wao wanazo nyumbani mashine zinazothibitisha kwamba pipa linalofunguka liliwahi kuwa jambo la kawaida.

Nina ombi pia kwa wapenzi hawa. Picha za mfuo mzima zikionyesha povu na kioo zinapendeza, nami huzitazama. Wakiifungua mashine kwa matengenezo, waandike pia namba za beringi, vipimo vya sili, urefu wa mkanda na nguvu ya hita, na wapige picha ule mchoro wa nyaya ambao baadhi ya viwanda viliubandika ndani ya kava kabla karatasi haijaoza. Mashine za kwao za miaka ya 1980 na 1990 bado zinaingia kwenye karakana zetu, nyingi zikiwa hazina kitabu.